Mkono Ulioachiwa Namugongo

Hotuba kwa walimu wa dini, makatekista na walezi wa vijana, Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, mapadre, masista, makatekista, walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa sekondari mlioruhusiwa kukosa prepu ya leo ili mkae nasi: asanteni kwa kunipokea.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie jinsi mwalimu anavyoweza kuijenga imani ya kijana. Nimeshika chaki miaka 31, lakini hotuba hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi kuliko somo lolote nililowahi kuandaa. Mwisho nikaamua nianzie Namugongo, kule Uganda, walikouawa Mashahidi. Wiki ijayo baadhi yenu mnapanda basi kwenda kuhiji huko. Picha ya Mashahidi tunayo ukutani, wimbo wao tunaujua, na watoto wetu tumewaita Karoli na Kizito. Ila nikiwauliza wanafunzi Karoli Lwanga alikuwa nani, wananijibu, "Shahidi." Sawa. Na kabla ya kuwa shahidi? Hapo darasa linanyamaza.

Alikuwa mwalimu wa dini.

Hadithi yenyewe inaanza na mapadre kuondoka. White Fathers wa kwanza, wamisionari wa Kikatoliki, waliingia Buganda mwaka 1879. Mmoja wao alikuwa Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, kwa jinsi "mon père" ya Kifaransa ilivyowaingia masikioni. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa amewawekea sharti zito: mtu asibatizwe kabla ya miaka 4 ya mafundisho. Kwa hiyo walikuwa na wanafunzi wengi na Wakristo wachache. Kisha, Novemba 1882, hali ya pale ikulu ikawa ya hatari, mapadre wakafunga mizigo. Wakavuka ziwa kuja huku kwetu, Bukumbi. Wengi wenu mnapapita kila mkienda mjini. Wakakaa upande huu wa ziwa mpaka Julai 1885.

Tafakarini kidogo hapo. Karibu miaka 3, Buganda haina padre. Hakuna Misa, wala wa kuwaungamisha. Mimi na ninyi tungesema basi, moto umezimika. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Waliobaki walikuwa wamefundishana wao kwa wao, nyumba hadi nyumba, usiku, kwa sauti ya chini. Aliyejua Baba Yetu alimfundisha asiyeijua.

Kati ya hao waliofundisha alikuwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtu mkubwa katika nyumba ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Vijana wahudumu wa ikulu walimkimbilia kwa mambo mawili: kujifunza dini, na kukingwa. Kabaka Mwanga alikuwa na tabia ya kuwataka wavulana hao kwa uchafu, na Balikuddembe aliwapangia kazi za mbali na kuwaficha saa za hatari. Askofu Hannington wa Waanglikana alipouawa kwa amri ya Kabaka, Oktoba 1885, Balikuddembe alimwambia Kabaka wazi kwamba amekosa. Tarehe 15 Novemba akauawa.

Siku ileile, Karoli Lwanga, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikwenda kwa mapadre akabatizwa. Alijua kilichompata mwalimu wake asubuhi, na alijua nani atatakiwa kukaa kwenye kiti kile. Akakikalia. Wavulana wakawa wake, kuwafundisha na kuwakinga.

Hapa naomba niseme jambo moja kwa walimu, na nitalisema bila kuzunguka. Tunapowataja Mashahidi wa Uganda tunaharakisha kufika kwenye moto, tunaruka miezi ile 6 ambayo kijana mmoja alisimama kati ya watoto na mkubwa mwenye madaraka. Kumkinga mtoto yalikuwa mafundisho ya dini, tena ndiyo yaliyoaminika kwanza. Mtoto hawezi kuamini kwamba Mungu ni Baba kwa maneno ya mtu anayemwogopa gizani. Na kama kuna shule, au parokia, ambako mwalimu anajulikana kwa kuwasumbua wasichana na wenzake wananyamaza ili "jina la taasisi lisichafuke", basi kipindi cha dini pale kimeshafutwa, hata kama kipo kwenye ratiba na kinafundishwa kila Jumatano. Ukijua, sema. Nenda kwa mkuu wa shule, nenda ustawi wa jamii, nenda polisi dawati la jinsia. Lwanga alihatarisha shingo yake. Sisi tunaogopa kununiwa kwenye chumba cha walimu.

Nirudi Buganda. Mei 1886 Kabaka alikuwa kwenye makazi yake ya Munyonyo, kando ya ziwa. Akarudi kutoka kuwinda viboko, akawaita wahudumu wake, hawakuonekana. Akakutana na Denis Ssebuggwawo, mvulana wa miaka kama 16, akiwa na kijana mwenzake aitwaye Mwafu, mtoto wa mkuu wa serikali. Akamuuliza walikuwa wapi. Ssebuggwawo akajibu ukweli: alikuwa akimfundisha Mwafu dini. Kabaka akamchoma mkuki, na kesho yake asubuhi mvulana yule akamaliziwa. Cheche iliyowasha Namugongo ilikuwa kipindi cha dini, na mwalimu wake alikuwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wanangu, mmesikia? Msisubiri mzeeke.

Usiku ule, wa kuamkia tarehe 26 Mei, milango ilifungwa na kila mtu alijua kesho itakuwaje. Lwanga akawakusanya wavulana ambao hawajabatizwa. Mmoja ni Kizito, miaka kama 14. Alikuwa ameomba ubatizo mara nyingi akaambiwa asubiri. Lwanga akachukua maji akawabatiza mwenyewe. Mkristo wa miezi 6, bila padre, bila cheti, akambatiza mtoto aliyeuhitaji ubatizo kuliko mwanafunzi yeyote nitakayewahi kufundisha.

Imesimuliwa tangu zamani kwamba Kizito alitetemeka, na kwamba Lwanga alimwahidi: tukiitwa, nitakushika mkono. Asubuhi wakaitwa mbele ya Kabaka, wasali upande mmoja na wasiosali upande mwingine. Wakatoka wameshikana mikono. Ndiyo picha tuliyonayo ukutani.

Sasa sikilizeni sehemu isiyochorwa. Walipelekwa Namugongo wamefungwa, wakawekwa siku kadhaa wakati kuni zinakusanywa. Tarehe 3 Juni, Alhamisi ya Kupaa Bwana, walitolewa. Njiani Lwanga akatengwa na wenzake. Senkoole, mlinzi wa moto wa jadi, alimchagua awe wake. Akachomwa peke yake, moto wa polepole ulioanzia miguuni. Basilika la Namugongo limejengwa mahali hapo. Wenzake walisogezwa mbele, mpaka pale ilipo leo hekalu la Waanglikana, wakaunguzwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana kwenye rundo moja la kuni.

Kwa hiyo mkono uliachiwa. Mtoto wa miaka 14 alimaliza safari ile akiwa hana mwalimu wake.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Nilipolisoma mara ya kwanza lilinichoma. Niliona kama ahadi imevunjwa. Siku hizi naona ndipo ualimu wa Lwanga ulipopimwa. Angekuwa amemfundisha Kizito kumtegemea Lwanga, Kizito angegeuka nyuma kwenye ile njia. Wavulana wangetawanyika Senkoole aliposema, "Huyu wangu." Hawakutawanyika, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kumtazama mwingine.

Walimu wenzangu, mwalimu mwenye mvuto ni zawadi, na ni hatari. Nimewaona. Anaingia darasani watoto wanang'aa. Kikundi cha sala kinajaa hadi dirishani. Anaondoka, amepata uhamisho au ameoa, na baada ya muhula mmoja pale hakuna hata wa kufungua mlango. Watoto walikuwa wanampenda yeye. Si kosa la watoto. Ukiona wanafunzi wako wanaiga hata namna yako ya kukohoa, furahi kidogo, kisha anza kuwakabidhi funguo.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo nimelipitia kama mwanafunzi. Shule ya kwanza niliyosoma, ambayo sitaitaja, mlezi wetu wa dini alikuwa na fimbo na daftari la mahudhurio. Ukikosa Misa, Jumatatu unapigwa tatu. Mahudhurio yalikuwa mazuri sana. Kanisa lilijaa. Tulikuwa 43 katika mkondo wetu, na tulipomaliza tuliagana pale getini, na wengi wakaagana na kanisa palepale. Nimekutana nao baadaye, watu wazima, wengine wana vyeo. Ukitaja dini, mkono unakwenda mgongoni. Fimbo ile haikuwafundisha uongo wowote. Mafundisho yalikuwa sahihi, neno kwa neno. Lakini ilisimama mlangoni, na waliompenda Kristo iliwabidi waipite kwanza.

Kuhusu subira, nitamtaja mtu wa nyumbani. Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Mafundisho ya dini alianza kuyasikia huko, udogoni. Alibatizwa Julius tarehe 23 Desemba 1943, akiwa mwanafunzi wa Makerere. Hesabuni wenyewe. Angekuwa kwenye jumuiya yetu leo tungemuuliza kila Pasaka kwa nini anachelewa, na pengine tungemkimbiza. Alipomaliza Makerere akaenda kufundisha St. Mary's, Tabora, chini ya Padre Richard Walsh, mkuu wa shule, aliyemtia moyo aende kusoma Uingereza. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh.

Imani ile ilikwenda mbali kuliko walimu wake. Oktoba 1970, akiwa Rais, alisimama mbele ya Masista wa Maryknoll kule New York akaliambia Kanisa kwamba lisiposhiriki mapambano ya watu dhidi ya umaskini na unyonge, litakosa maana kwao. Sidhani kama hilo alilikariri kwenye katekisimu. Lilitoka kwa mtu aliyeamka kwenda Misa asubuhi, mwaka baada ya mwaka, na aliyekaa uzeeni kuzitunga Injili kwa tenzi za Kiswahili. Mwanafunzi akikukosoa kwa maneno ya Injili uliyomfundisha, usiseme amepotea. Na mkifika Namugongo mapema, tarehe 1 Juni, mtawakuta watu wakimwombea Mwalimu, maana tangu 2005 yumo katika mchakato wa kutangazwa mtakatifu.

Mmekuwa wavumilivu. Nimalizie na mwalimu wangu mimi. Hayuko katika kitabu chochote, na familia yake haingependa nimtaje.

Hakuwa mwalimu wa dini. Alifundisha hisabati, shule ya pili niliyohamia, nikiwa kidato cha pili na nimeshaamua kwamba kanisa ni fimbo. Nilikuwa kiranja wa darasa. Ijumaa moja jioni, watu wakiwa uwanjani, nilirudi kuchukua daftari la mahudhurio. Nikasikia sauti darasani. Nikachungulia. Mwalimu amesimama mbele ya madawati matupu, mkono mmoja umeshika penseli, mwingine kitabu, anasoma kwa sauti:

"Waparthi na Wamedi na Waelami, nao wakaao Mesopotamia, Uyahudi na Kapa... Kapadokia..."

Anasimama. Anaweka alama kwa penseli. Anarudia tangu mwanzo. Alikuwa msomaji wa Jumapili katika kigango chetu, na Jumapili ile ilikuwa Pentekoste. Mtu aliyekuwa akigawa sehemu kwa desimali bila kutazama ubao, anatoka jasho kwa jina la Kapadokia. Nilitaka niondoke kimyakimya, ubao wa sakafu ukalia.

Hakuona aibu. Alisema, "Afadhali umekuja. Nishikie kitabu. Nikikosea niambie."

Mimi. Mwanafunzi niliyempelekea madaftari ya makosa kila wiki. Nilishika kitabu, alisoma akinitazama, na alipofika "Frigia na Pamfilia" akageuza maneno. Nilikaa kimya kwa hofu. Akasema, "Nimekosea hapo, hukusema. Ukinihurumia leo, Jumapili nitawaharibia watu Neno." Tukarudia. Mara ya 4 nikapata ujasiri nikasema, "Mwalimu, ni Pamfilia." Akasema, "Ahsante," akaandika.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda tena. Hakuniita. Nilikwenda mwaka mzima. Hakuwahi kuniuliza kama nimesali, wala kama naamini. Alinipa kazi moja, nishike kitabu na kumrekebisha, na kila Ijumaa niliona mtu mzima akijiandaa kumtumikia Mungu kwa uangalifu uleule aliotumia kuandaa jaribio la hisabati. Sijui ni Ijumaa ya ngapi nilianza kusikia maneno badala ya kusikiliza makosa. Siku hiyo haikunijulisha kwamba imefika.

Mwalimu akapata uhamisho kwenda mkoa mwingine, katikati ya muhula. Aliondoka Jumatano na lori la mizigo. Kile kitabu alikiacha mezani kwangu kimefungwa kwa gazeti, bila barua.

Padre alikuwa akifika kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, na Pentekoste ya mwaka ule haikuwa zamu yetu. Ibada aliongoza katekista. Muda wa somo la kwanza ulipofika akatazama kwenye benchi aliyozoea kukaa mwalimu, pakawa kimya, mama mmoja akakohoa. Niliona miguu yangu inasimama. Nilitembea mpaka mbele nikafungua kitabu. Kurasa zilikuwa zimejaa penseli: mkato mdogo chini ya kila jina gumu, mstari mahali pa kupanda sauti. Nikaanza. Waparthi na Wamedi na Waelami. Nikafika Kapadokia nikaivuka, nikafika Pamfilia nikaivuka, na baada ya "Libia karibu na Kirene", pembeni kabisa mwa ukurasa, kwa mwandiko niliouona ubaoni kila siku, alikuwa ameandika neno moja dogo: pumua.

Nikapumua, nikaendelea.